Meza ya Pembe Tatu

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, kati ya saa tatu na saa sita mchana. Fundi seremala alikuwa amemshika mkewe mkono, faili kwapani. Daktari wa upasuaji aliutazama uvimbe wa titi, akaandika: Asubiri, wa mionzi aamue kwanza. Daktari wa mionzi, jengo la pili, akaandika: Asubiri, wa dawa aanze. Daktari wa dawa, ghorofa ya juu kabisa, akaandika: Asubiri, apasuliwe kwanza. Miandiko mitatu, neno moja. Fundi aliishia darasa la nne, lakini neno lile alilisoma bila kusaidiwa.

Mke akasubiri. Alikuwa mtu wa kushika maagizo. Kila Jumanne alikaa kwenye benchi la ukumbini, chini ya tangazo: "Kikao cha Pamoja cha Madaktari wa Saratani, kila Jumanne saa mbili." Kikao hakikuwahi kukaa. Wa upasuaji alitaka kifanyike kwake. Wa mionzi alisema mashine haiachwi peke yake. Wa dawa alisema anayemhitaji anajua alipo. Mganga mkuu, aliyelibandika tangazo, alisema tatizo ni meza ya kikao, haipo.

Uvimbe haukuwa umeambiwa usubiri. Mke alikufa Oktoba, akazikwa Ijumaa. Jumanne iliyofuata alikuwa kwenye benchi, kadi mkononi, udongo kidogo kisiginoni.

"Mama, si ulifariki wewe?" aliuliza karani wa mapokezi.

"Nilifariki. Ila hakuna aliyeniambia niache kusubiri."

Karani aliikagua kadi. Tarehe ilikuwa sawa. Akampa namba kumi na moja.

Fundi alipopata habari alimpelekea sweta, maana ukumbi ule una baridi.

"Mama watoto, rudi ukapumzike."

"Nipumzikeje na hawa hawajaamua? Halafu umekonda. Nani anakupikia?"

"Najipikia."

"Ndiyo maana."

Namba kumi na mbili alikuwa mwalimu wa chekechea, yeye bado hai, mwenye uvimbe kama ule ule na karatasi tatu. Marehemu alizisoma moja moja. Asubiri. Asubiri. Asubiri.

"Mimi yangu yamekwisha," alimwambia mumewe. "Kwa huyu, sibanduki."

Fundi alirudi karakanani, akaranda mbao siku tano. Alitengeneza meza ya pembe tatu, pande zote sawa, ili asipatikane wa kukaa kichwani pa meza. Akaongeza viti vitatu, akavisukuma vyote kwa mkokoteni hadi ukumbini.

"Mzee, una kibali?" mlinzi aliuliza.

"Kibali kimekaa pale," fundi alisema, akimwonyesha mkewe.

Mganga mkuu aliamuru meza itolewe. Walinzi wanne waliishika, isinyanyuke, kwa kuwa marehemu alikuwa ameegemeza kiwiko juu yake. Walimwomba radhi, wakaenda kunywa chai.

Jumanne, saa mbili, alikuja wa upasuaji. Alimsalimia marehemu kwa adabu, akakaa dakika tano, akatazama saa. "Wenzangu wakija, niiteni." Wa mionzi alikikuta kiti kile bado kina joto. "Wenzangu wakija, niiteni." Wa dawa alituma mtu aulize kama wenzake wamefika. Mganga mkuu alikuja na mpiga picha, akapigwa picha akiwa ameiegemea meza, na ripoti ikaandikwa kwamba ushirikiano umeimarika. Mwalimu alipewa karatasi ya nne.

Alianza kuikunja aiweke mkobani. Marehemu akamshika mkono.

"Usiikunje, mwanangu. Lete."

Fundi alizipanga mezani karatasi tatu za mkewe na nne za mwalimu, akazigongomelea kila moja kwa msumari wa inchi tatu. Wakubwa walifungua milango kuona nani anapiga kelele, wakaifunga. Kisha akachukua patasi na kuchonga katikati ya meza, herufi kubwa, kwa kina kisichofutika kwa kitambaa.

Meza iko pale pale. Kila Jumanne marehemu hukaa mwisho wa benchi, na mwalimu pembeni yake, kila wiki mwepesi kuliko ile iliyopita. Madaktari hupita mmoja mmoja, huyasoma, huweka vikombe vyao juu ya maandishi:

MNASUBIRIANA, AU MNASUBIRI TUFE?