Fumbo Lililobandikwa Kichwa Chini

Esnah, jirani wa ng'ambo ya mto, anadai alikuwa akienda kuteka maji, ukungu wa vilima vya Manga bado umelalia migomba, aliposikia penseli ikikwaruza ndani ya esaiga, kile kibanda cha kijana ambacho Ogari alikiacha kimefungwa kufuli. Kwaru, kwaru. Halafu mtu akavumisha wimbo wa sabuni.

"Kama nadanganya, Sabato isinikute!"

"Esnah, wewe hata kuku akikohoa unasema ni mzimu," alijibu Nyamweya, baba yake Ogari, akiendelea kunoa panga. Asubuhi hiyo hiyo alitaka kuibomoa ile esaiga. Ogari alipanda gari la sinema sokoni Keumbu, lile lililozunguka likitangaza sabuni kwa kipaza sauti, na tangu hapo si barua, si salamu. "Esaiga ya asiyerudi ni kaburi lililosimama," mzee alisema.

Kemuma, dada yake Ogari, aliinuka. Alichukua ufunguo akaenda.

Ndani, kuta zilivaa magazeti. Mama yao hakujua kusoma. Aliyabandika kwa uji, na ukurasa wenye fumbo la maneno ukakaa kichwa chini. Basi ndugu hao wawili walijifunza kulijaza hivyo hivyo, shingo zimepinda, kila herufi miguu juu. Ogari alijaza maneno ya kulala, Kemuma ya kusimama.

"Hukuomba kura, kisha humwoni." Ogari alicheka mpaka machozi, akaandika MGOMBEA.

"Husifu sabuni asiyoiogea." MTANGAZAJI. "Huyo sasa ndiye mimi," alisema siku aliyopata kazi ya gari.

Neno moja tu la kulala alilibakiza, akamwambia dada yake asiliguse, atalijaza akirudi: "Tangazo la redioni ambalo mwenyewe halisikii." Vijumba sita, vyote vitupu.

Sasa vitano vilikuwa na herufi. T, A, N, Z, I. Vumbi jeusi la penseli lilikuwa bado limeshikilia karatasi. Kemuma aliitazama ile T, akaitazama A: miguu juu. Mtu mwingine yeyote angeziandika wima.

Alilijua neno. Kila jioni, wakisoma majina ya marehemu redioni, yeye ndiye aliyesogeza kiti karibu, asikilize kama watataja la Ogari. Hawajalitaja.

Aliinua kiganja, akakifunika nacho kijumba cha mwisho. Karatasi ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Kemuma!" Baba alikuwa amefika mlangoni na panga. "Toka, mwanangu. Hii kazi tuimalize."

"Tata, ngoja kidogo."

"Ningoje nini?"

Aliupeleka mdomo karibu na ukuta, shingo imepinda kama zamani.

"Ogari, ndugu yangu, hiyo moja usiiandike. Kama unapumua, popote ulipo, niandikie jina langu hapa pembeni. Herufi moja tu inatosha."

Akasubiri, kiganja ukutani, macho kwenye ukingo mweupe wa gazeti.