Maneno ya Dorine

Violeth alikuja Songea kutoka Shinyanga akimfuata mumewe, mwalimu aliyehamishiwa huku. Akafungua studio ya video mjini, watu wakamjua, na ikawa haupiti mwezi bila kuitwa kwenye harusi.

Ndiye aliyepiga video ya sendoff ya Dorine, sherehe ya kumuaga bibi harusi, kule Namtumbo. Siku hiyo, Dorine alipofika mbele ya mama yake kumlisha keki, alipiga magoti, akamsogelea sikioni na kumwambia maneno fulani kwa Kingoni, lugha ya kwao. Spika zilikuwa zinaunguruma, akina mama wanapiga vigelegele. Mama yake, Walburga, hakuambulia hata neno. Alipomuuliza baadaye, Dorine alicheka.

"Utayasikia kwenye video, mama."

Kinasa sauti kidogo kilichobanwa kwenye gauni kilikuwa kimeyanasa yote. Violeth naye aliyasikia kwenye hedifoni wakati anahariri, tena mara nyingi, ila Kingoni hakijui. Alichofanya ni kupunguza muziki pale ili sauti ya Dorine itoke vizuri.

Wiki chache baada ya harusi Dorine alishikwa na homa kali, akafariki. Video ilikuwa bado haijakabidhiwa. Msibani Walburga alimvuta Violeth pembeni.

"Mwanangu, nitunzie ile video. Sasa hivi siwezi kuitazama. Nikipata nguvu nitakupigia."

"Ipo salama, mama," Violeth alijibu, na aliamini hivyo. Kompyuta yake ilikuwa na programu ya bakapu. Kila Ijumaa ilinakili kazi zote kwenye diski ya nje, kisha ikaonyesha alama ya kijani na kuandika: imefanikiwa. Kwa sababu ya alama hiyo alikuwa ameshafuta kadi za kamera ili azitumie kwa kazi nyingine.

Masika yalipoanza, radi ilipiga, umeme ukakatika na kurudi kwa kishindo. Kompyuta haikuwaka tena. Alimwita Saimon, fundi wa jirani, akaifungua na kutikisa kichwa.

"Diski ya ndani imekufa, dada. Bakapu unayo?"

"Ninayo."

"Basi usihangaike."

Saimon aliweka diski mpya, akachomeka ile ya nje, akaiamuru programu irudishe kila kitu. Mstari wa buluu ukatembea taratibu kwenye skrini. Ulipovuka katikati ulisimama, na maandishi mekundu yakatokea: faili la nakala limeharibika. Wakajaribu tena. Wakajaribu nakala ya wiki iliyotangulia, na ya kabla yake. Zote ziligoma palepale, maana kila moja ilijengwa juu ya nakala ya kwanza, na ya kwanza ndiyo iliyokuwa mbovu.

Violeth aliwaandikia wenye programu. Walimjibu kwa upole kwamba wanasikitika, wakamuuliza kama aliwahi kufanya jaribio la kurejesha mafaili.

"Jaribio!" alimpigia kelele Saimon, kana kwamba ndiye aliyeandika. "Si ilikuwa inaniambia imefanikiwa? Kila Ijumaa imefanikiwa, imefanikiwa! Imefanikiwa nini?"

"Ilijua tu kwamba imeandika, dada," Saimon alisema. "Haikurudi kuangalia kama kilichoandikwa kinasomeka."

Diski iliyokufa waliituma Dar es Salaam kwa mtaalamu. Ikarudi na jibu kwamba hakuna kilichopatikana. Jioni hiyo Violeth alilia jikoni, mumewe amesimama mlangoni.

Walburga alipiga simu wakati wa mavuno ya mahindi. "Nipo tayari sasa," alisema. Violeth alimwambia tu kwamba anakuja. Alipanda basi kwenda Namtumbo.

Alimkuta uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea?"

Violeth alikaa kwenye mkeka na kumweleza yote. Walburga alisikiliza bila kumkatiza. Hakugomba. Mikono ilikuwa imetulia juu ya gunzi.

"Lakini wewe ulimsikia," alisema mwishoni.

"Nilimsikia, mama. Sikuelewa."

"Haidhuru. Sema kama ulivyosikia."

Violeth alifumba macho. Aliikumbuka sauti vizuri, kicheko kidogo mwanzoni, pumzi, kisha maneno ya haraka haraka. Alijaribu kuyatamka. Walburga alimsogelea.

"Rudia."

Akarudia, yakatoka tofauti na mara ya kwanza.

"Hakuna neno kama hilo kwetu," Walburga alisema taratibu. Akafikiri kidogo, kisha akatamka sentensi ya Kingoni, laini, kama anavyosema mtu na mtoto wake. "Ni hivyo?"

Violeth alimtazama usoni. Ingekuwa rahisi sana kusema ndiyo.

"Sijui, mama. Sijui kabisa."

Walburga akatamka nyingine. Halafu nyingine, ndefu zaidi. Kila mara alisubiri, na kila mara Violeth alitikisa kichwa huku machozi yanamtiririka. Waliendelea hivyo mpaka sauti ya yule mama ikakauka.

Alijifuta mikono kwenye kanga, akanyanyuka.

"Nenda sasa, mwanangu," alisema. "Usije ukakosa basi."