Bleddyn wa Pili

Mzee Bleddyn alikuwa na swali moja alilomuuliza kila aliyeingia nyumbani kwake, awe fundi bomba, awe mchungaji: umewahi kukutana na mwingine mwenye jina kama langu? Mimi aliniuliza siku ya kwanza, hata koti sijavua. Nikamwambia mzee wangu, mimi naitwa Ghati, natoka Tarime, na huko kwetu jina lako hata kulitamka watalia. Akafurahi utadhani nimempa zawadi. Wazee wa kizungu wana furaha zao.

Ilikuwa mwaka 1998, Gaithersburg, kwenye zile nyumba za ghorofa zilizobanana karibu na barabara ya 270. Mimi nilimhudumia Jumamosi na Jumapili. Siku nyingine zote zilikuwa za rafiki yangu Abigail, Mkenya, Mnandi wa Kapsabet, ambaye ndiye aliyenitafutia kazi hiyo nilipokuwa sina mbele wala nyuma. Kazi ilikuwa kumwogesha, kumpikia, kuhakikisha amemeza vidonge vyake vya moyo asubuhi na jioni, na baada ya hapo kumsikiliza. Kumsikiliza ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Alituambia jina hilo ni la kwao Wales, na limetokana na neno lao la mbwa mwitu. Mbwa mwitu mdogo, ndiyo maana yake. Kulikuwa na mfalme mmoja wa jina hilo, zaidi ya miaka mia tisa iliyopita, akauawa na Wawelisi wenzake. Baada yake walikuja akina Bleddyn wengine, lakini halikuwahi kuwa jina la kila nyumba, na sasa, alisema, linakwisha. Kwao bado wapo, wengi wao wazee. Hapa Marekani alikuwa amepekua vitabu vya simu vya Maryland na Virginia miaka nenda miaka rudi, asipate hata mmoja. Mpwa wake alipomletea kompyuta, akaanza kuwatafuta kwenye intaneti. Huko aliwapata, tena kadhaa, na karibu wote aliwapata kwenye matangazo ya vifo.

"Njoo uone, Ghati," alikuwa akiniita. "Mwingine ameondoka."

Mimi sikupenda. Mtu anakaa mbele ya kioo cha kompyuta kila siku anahesabu maiti za jina lake, halafu anakuomba chai. Lakini mkewe alikuwa amekufa, mtoto hakuwahi kupata, na yule mpwa alikuwa wa kuja Krismasi. Nikamwachia mchezo wake.

Abigail akajifungua mtoto wa kiume. Kwenye cheti aliandikwa Wayne, maana karatasi za huku hazisubiri bibi ya mtu apate visa. Jina lenyewe lilikuwa linamsubiri mama yake Kiprotich, mume wa Abigail. Kwao jina la mtoto hawalichagui wazazi. Bibi anampakata mtoto, anamnusisha ugoro kidogo, kisha anaanza kuwataja waliokufa wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Yule ambaye mtoto atapiga chafya jina lake likitajwa, basi huyo ndiye aliyerudi.

Visa ilichelewa, likizo ya uzazi ikaisha, Abigail akarudi kazini mtoto akiwa bado hajaitwa. Siku moja wakati anampa mzee chakula cha mchana akamsimulia hayo yote, bila nia yoyote, mazungumzo tu. Mzee akaweka kijiko chini. Akauliza, wanaotajwa ni wafu peke yao? Wafu peke yao, mzee. Hata mmoja aliye hai hatajwi? Hata mmoja. Hakumaliza chakula chake siku ile. Jioni akamwomba Abigail, kwa unyonge kabisa, kwamba bibi akija na yeye aruhusiwe kwenda kutazama.

Ningekuwa mimi ningekataa palepale. Lakini Abigail alikuwa na moyo mwepesi, ukimwonyesha unyonge kidogo tu umeshapata.

Basi Jumamosi moja mchana nikampeleka kwa gari langu. Bibi alikuwa amewasili juzi yake, mwembamba, mrefu, kikopo cha ugoro amekipitisha uwanja wa ndege wa Dulles ndani ya soksi. Wote walimwita Kogo, yaani bibi kwa Kinandi, nami nikamwita hivyo. Alipomwona mzungu na bakora yake mlangoni aliuliza huyu anatafuta nini. Kiprotich akamweleza, akamwambia na maana ya jina lake. Kogo akacheka. Mnyama wa ukoo wao ni fisi, akasema, basi huyu ni jirani, mpeni kiti.

Akaanza kuita. Aliita baba ya mumewe, akaita ndugu za huyo baba, akaita wajomba, akaita mmoja aliyekufa Burma vitani na mwingine aliyekufa kwa radi. Mtoto anamtazama tu. Ugoro ulitutoa machozi watu wazima wote, Kiprotich akapiga chafya jikoni mpaka tukacheka, lakini mtoto wala. Kogo akapumzika, akanywa chai, akaanza upya na upande wa akina mama. Hakuna kitu. Nikaona uso wa Abigail umeanza kubadilika.

Hapo ndipo mzee aliposimama. Hakuna aliyemwomba. Aliinama juu ya mtoto, akategemea bakora, akasema jina lake mwenyewe taratibu, kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili.

Mtoto akapiga chafya.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Kogo alimfunika mtoto uso kwa kanga yake, akasema maneno mengi kwa Kinandi, kwa sauti ya chini. Kiprotich alikataa kutafsiri. Abigail ndiye aliyeniambia.

"Anasema hawajawahi kuita mtu mwenye bado anapumua. Roho ni moja, Ghati. Haiwezi kukaa kwa watu wawili. Mmoja atampisha mwenzake."

Mzee akaniuliza wanasema nini. Nikamwambia wanasema chai inapoa. Alinitazama, akajua nimemdanganya, akakaa.

Nilimvuta Abigail kwenye korido, nikamwambia ni ugoro, mwenzangu, mtoto amenusishwa ugoro karibu saa nzima, ulitegemea asipige chafya? Akasema ndiyo, ni ugoro. Akasema yeye ameokoka, hayo ni mambo ya Kogo. Alikubali haraka mno, na hilo lilinikaa rohoni njia nzima mpaka nyumbani kwangu Adelphi.

Katikati ya wiki mtoto akashikwa na homa. Akaacha kunyonya. Daktari akasema ni virusi, wampe maji, wasubiri. Na wiki hiyohiyo mzee akapata nguvu. Hapo na mimi nikaanza kuogopa, sitaki kudanganya. Mtu aliyekuwa akipandishwa ngazi kwa kushikwa mkono sasa alipanda mwenyewe. Aliomba nyama. Abigail alikuwa akimwacha mwanawe amelegea mikononi mwa Kogo, anafika kazini anafunguliwa mlango na mzee aliyenyoa ndevu.

"Leo ameimba," aliniambia kwenye simu. "Nyimbo za kwao. Mtoi wangu hata kulia hawezi, na yeye anaimba. Nika-imagine namfunga mdomo na mto, Ghati. Nimewaza hiyo kitu."

Nilimwambia apumzike, aombe ruhusa, nitamshikia siku zake. Akasema hapana, anataka kuwa pale amwone. Jumamosi hiyo na Jumapili yake nilimkuta mzee akiwa mzima kabisa, nikampa vidonge vyake, akavimeza, akaniuliza habari za mtoto. Nikasema hajambo. Ule ulikuwa uongo wangu wa pili kwake.

Jumamosi iliyofuata nyumba ilikuwa kimya. Kompyuta imezimwa. Mzee alikuwa kitandani, midomo imegeuka rangi, miguu imevimba, anapumua kwa kuvuta. Pembeni yake palikuwa na kile kisanduku cha dawa chenye vyumba vya siku. Cha Jumatano kimejaa, cha Alhamisi kimejaa, cha Ijumaa kimejaa. Nikaanza kufoka. Akainua mkono.

"Usimgombeze Abigail. Mimi ndiye niliyemuuliza maneno ya yule bibi, naye akaniambia ukweli. Nimekataa mwenyewe." Akavuta pumzi. "Yeye alinibembeleza siku ya kwanza tu."

Nilikasirika. Simkasirikii yeye, namkasirikia mwenzangu, mtu ninayemjua, anayelia akiona paka amekanyagwa na gari. Nikampigia. Akapokea hapohapo. Nikamuuliza kama amerukwa na akili, kama anajua anachokifanya kinaitwaje. Nyuma yake nikamsikia mtoto analia, kilio cha kifua kizima.

"Unamsikia?" akasema. "Homa imeshuka juzi. Ananyonya."

Nikamwambia naita ambulensi.

"Ghati, tafadhali. Si amechagua mwenyewe? Mimi sija-force mtu."

Nikakata simu, nikapiga 911, nikasema kila kitu. Kisha nikajaribu kumpa vidonge mimi. Akageuza uso ukutani, kwa heshima zake zote, akaomba radhi.

Abigail alikuwa anakaa mtaa wa pili. Alifika kabla ya ambulensi, mtoto mkononi, miguuni ndala, na nje kulikuwa na baridi ya Novemba. Nilisimama mlangoni pa chumba nikijua amekuja kunizuia, na nilikuwa tayari kumsukuma, hata kama amebeba mtoto. Lakini alikuwa analia. Akasema amekuja kumwambia anywe dawa. Akasema, niachie nimwambie mimi, mimi atanisikia. Na ilikuwa kweli. Hakukuwa na mwingine duniani ambaye mzee yule angemfungulia mdomo.

Nikampisha. Akapiga magoti kando ya kitanda, mtoto mkono wa kushoto. Nikammiminia vidonge kwenye kiganja cha kulia, mimi nikashika glasi ya maji.

"Mzee," akasema. "Nimekuja. Tafadhali meza. Nakuomba mimi."

Mzee aligeuka kutoka ukutani. Alimtazama kwa muda mrefu, nikaona jinsi alivyokuwa akiyasubiri maneno hayo tangu Jumatano. Kisha akamwona mtoto, mashavu yake yamerudi, akatabasamu.

"Bleddyn," akamwita.

Na mtoto, ambaye hajawahi kugeuka kwa jina la Wayne, akageuza kichwa akamtazama.

Mzee akafungua mdomo apewe dawa. Nikasikia king'ora kinakata kona kuingia mtaani. Mkono wa Abigail ulinyanyuka na vidonge vyake, ukafika katikati ya njia, hapo ukasimama. Nikamwambia mpe. Nikamwambia tena. Hakunitazama, alikuwa anamtazama mwanawe. Mzee alisubiri hivyohivyo, mdomo wazi, kisha akaufunga taratibu na kuweka mkono wake juu ya kichwa cha mtoto.