Mama Bado Anachunga Nyumba

...hapana, fungu hili limekaa vibaya, nalirudia, napitisha mkia wa kitana kutoka utosini mpaka kisogoni, na Benita anakunja uso, "Eish, Ma, unavuta!" tulia basi, kichwa hakisukwi kikiwa kinacheza, soma hicho kitabu chako kwa sauti, mtihani ni Jumatatu, nami nisikie... anasoma, Kiingereza chake cha hapa Bertrams, Johannesburg, kinakimbia, Kiswahili anakielewa chote huyu binti yangu ila mdomo wake haukitaki, anasoma kwamba Ujerumani iliposhindwa vita washindi waliigawa mafungu manne, Mrusi na lake, Mmarekani na lake, Mwingereza na lake, Mfaransa na lake, na mji wao mkubwa, Berlin, ulioangukia ndani ya fungu la Mrusi, nao wakaukata manne, na mimi hapa nimeshika kichwa nilichokigawa manne, mafungu matatu nimeyabana kwa vibanio yasinisumbue, na sikupenda kuliona hilo lakini nimeshaliona. Nasuka nyembamba leo. Yeye alitaka nene, zile za haraka, nikamwambia nyembamba ndizo zinazokaa, naye akaamini kwa sababu mama yake ni msusi, lakini ukweli naujua mwenyewe, nikimaliza kichwa hiki lazima nimpigie mama, na naogopa, mimi mwanamke mzima nimeolewa nikazaa, naogopa simu. Asubuhi mdogo wangu Thierry kanipigia kutoka nyumbani kwetu, yeye yuko ng'ambo ya mto, upande wa serikali, na mama yuko upande wa pili, kwa wale waliouteka mji wetu, sauti yake imekauka, ananiita yaya, dada mkubwa, "Yaya Célestine, ule mama hasikiake mutu. Kesho wanafunga daraja. Wewe ndiye mukubwa, umuambie." Daraja! Daraja la kuvukia kwenda kununua sabuni, tulipita pale na masufuria ya harusi ya dada yetu Jocelyne, tunaimba, mchuzi unatumwagikia miguuni, leo limekuwa mpaka, kwa kuwa jeshi letu limeshindwa, tuseme tu limeshindwa, redio inazunguka mbuyu lakini kila mtu anajua, na wakubwa wameketi hotelini katika nchi za mbali, huyu kashika mkono wa serikali, yule kashika mkono wa waasi, na macho ya wote yako chini, kwenye mawe ya madini ya ardhi yetu, wanasema mto ndio uwe mstari, kwa muda tu... kwa muda, hata mimi Johannesburg nilikuja kwa muda, na huyu niliyemzaa hapa sasa ananipita kimo.

"Ma, unanisikia kweli?" Nakusikia. Hebu niambie, na Wajerumani wenyewe walikaa wapi kwenye hiyo meza? Anacheka, anageuka kunitazama na nywele zinaniponyoka, "Hawakualikwa, Ma. Waliambiwa tu." Geuka mbele... waliambiwa tu, hawakuulizwa... basi mama yangu ana bahati, yeye ameulizwa, nani kamuuliza kama si mimi, kila nikimpigia, mama, unataka kutoka ao unataka kubaki, na kila siku jibu lake ni moja, "Ni wewe unajua, papa. Miye niko tu, nachunga," ananiita papa, yaani baba, tangu baba mwenyewe alipofariki, nami nakata simu nikiwa nimefura, namwambia mume wangu, Damien, mama mkaidi, mama anapenda kuta kuliko watoto wake, na Damien, mtu wa amani, anasema mwache, wazee ndivyo walivyo... uwanjani Ellis Park kumelipuka kelele, wamefunga goli, vuvuzela zinalia mpaka vioo vya dirisha vinatetema, Benita ameinua sauti kuzishinda, na mimi simsikii tena, nawasikia wajomba, siku ya kuondoa matanga ya baba, nimefika kwa ndege macho yamevimba, wamenikalisha kwenye kiti chake kwa sababu ndimi mtoto wa kwanza, mjomba mkubwa kaushika mkono wa mama akauweka juu ya wangu, akasema mbele ya wote, "Huyu sasa ndiye papa wa hii nyumba. Na wewe, mama, utachunga mupaka yeye akutoe." Mpaka yeye akutoe. Nilidhani ni maneno ya msiba, yale ya kusemwa watu wapige makofi wakale, nilikuwa nawaza sahani hazitatosha... na mwaka ule Jocelyne alipojifungua, mama akanipigia huku, papa, naomba niende nilale kwa Jocelyne siku mbili nimuone mtoto, nikacheka! Mama, unaniomba ruhusa mimi? Nenda zako! Naye hakucheka, alisema tu asante, papa. Mungu wangu. Alikuwa hanitanii, alikuwa anaomba. Mama hajakataa kutoka, hajakataa hata mara moja, anangoja, ana miezi anangoja, na mimi kila siku nampigia kumuuliza anataka nini, mtu aliyewekwa zamu haulizwi anataka nini, anaambiwa, na anayeweza kumwambia ni mmoja tu, si Thierry, Thierry akilia mpaka kesho hasikiwi, ni mimi, papa, niliyekaa Bertrams na bomba langu la maji na umeme wangu, namwona mkaidi.

"Ma, mbona umesimama?" Nasuka, mwanangu, nasuka, endelea... kwa hiyo nimwambie toka. Na akitoka? Nyumba iliyoachwa kule haikai siku, wanaandika kwa rangi ukutani, wanampa mtu wao, askari wao atalala chumba cha baba, ataanika suruali yake juu ya kaburi pale nyuma ya jiko, na wale wa hotelini watapeleka watu wao kuangalia, watasema hapa hakukuwa na mtu, mnaona, na mstari utapita. Mama peke yake ndiye aliyekuwa anasema yupo mtu. Nilimweka pale anishikie nchi yangu, bibi wa watu mwenye magoti mabovu, bila kujua kwamba nimemweka, na sasa nikijua siwezi kumweka tena hata saa moja, nasikia uchungu, nasikia hasira na watu nisiowajua hata majina, lakini simwulizi tena. Nitasema kwa sauti ya baba, mara moja, nisilie. Mama, umechunga vizuri. Nimekutoa. Funga mlango, uende kwa Thierry leo. Atasema asante, papa, na nikishayasikia hayo kwetu kutakuwa kwao, najua, na mama yangu atavuka akiwa hai... simu iko pale juu ya friji, bado sijaigusa, goli jingine tena huko nje, "Ma, mbona unafumua tena?" limekaa vibaya, nipe upande huu, bado.