Ubatizo wa Diwani

Mwajiri wa Dalmas aliporudi kwao Ulaya mwaka wa tisini na sita, Dalmas, aliyekuwa mpishi wake, alitarajia kuachiwa friji. Aliachiwa samaki. Tangi la kioo, pampu, mifuko ya chumvi maalum ya kutengenezea maji ya bahari, na samaki mmoja wa manjano, bapa kama kisahani. Chumba chake cha kupanga kule Lindi, ndani ya mtaa wa Kibera, hakikuwa na stima, kwa hivyo tangi likapelekwa kwenye hoteli ya mkewe Eddah, Kawangware, likawekwa kando ya kabati la mandazi. Wateja wakampa samaki jina la Diwani, kwa sababu alikula kutwa nzima na hakuna aliyejua kazi yake.

Biashara ilinoga. Watu walikuja kumwona Diwani, wakabaki wakinywa chai.

Halafu Diwani akaugua. Macho yaliingia ukungu, akawa anajisugua kwenye mawe kama mbwa mwenye upele, anahema, chakula chake cha dagaa wa omena waliosagwa hakigusi. Kila mteja akawa daktari. Mmoja alisema ni malaria, mwingine akasema ni mawazo, maana hana mke. Dalmas akamwita dadake Akoth, aliyeuza samaki Soko la Toi, akidhani biashara hiyo imempa ujuzi. Akoth aliinama, akachungulia kioo kwa muda.

"Wangu hunifikia wakishakufa," akasema. "Huyu mkaange leo. Kesho atakuwa hafai."

Eddah hakumpa chai.

Ndipo wakamwita Daktari Kageha, aliyetibu ng'ombe na mbwa wa mtaa. Kageha alisema wazi kwamba hajawahi kutibu samaki. Huenda ni kuvu, akawaeleza, huenda ni ule ugonjwa wa madoa meupe, huenda ni minyoo ya ngozi, na dawa ya ugonjwa mmoja ingeweza kumuua mwenye mwingine. Alikuwa na rafiki aliyesomea mambo ya samaki. Angempigia simu, kisha arudi. Kwa sasa wasimguse.

Wangetii, lakini Pasta Wekulo, mwenye kanisa la mabati nyuma ya hoteli, alipita kunywa chai. Alimtazama Diwani akijisugua, akatangaza kwamba huyo ana pepo, na dawa yake ni ubatizo. Dalmas akamkumbusha kwamba samaki yuko majini tangu azaliwe. Pasta akamjibu kwamba hata viboko wako majini na hawajaokoka.

Eddah, ambaye alikuwa amekata tamaa, akaleta karai la maji ya kunywa. Pasta akamchota Diwani kwa bakuli, akamwita kwa jina, akamzamisha kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Diwani akalala ubavu. Wateja wakalizunguka karai.

Kisha vitu vyeupe vikaanza kumtoka mwilini, vidogo kama simsim, vikazama hadi chini ya karai.

"Mnayaona?" Pasta akauliza kwa sauti ya chini, mwenyewe akirudi nyuma kidogo. "Mapepo hayo."

Wateja kadhaa wakapiga magoti. Wimbo ulikuwa umeshaanza Kageha alipoingia, akawasukuma kondoo wa Bwana kando, akachungulia karai.

"Ni minyoo," akasema. "Mrudisheni kwenye chumvi sasa hivi, kabla maombi hayajamuua."

Rafiki yake alikuwa amemweleza hivyohivyo. Minyoo hiyo ni ya maji ya bahari. Ikitiwa kwenye maji yasiyo na chumvi hugeuka nyeupe na kudondoka, mradi samaki mwenyewe asikae humo zaidi ya dakika chache. Ndivyo ugonjwa unavyotambuliwa, na ndivyo unavyotibiwa. Kuhusu wimbo, rafiki hakusema kitu.

Jioni hiyo Diwani alikula. Jumapili Pasta alihubiri habari zake, na kanisa likajaa watu waliotaka kujua pepo ana umbo gani. Shida ikaja Kageha aliposema lazima wamzamishe tena, kwa sababu mayai ya minyoo yalibaki tangini. Dalmas alimwendea Pasta, naye akakataa katakata. Ubatizo ni mmoja, alisema, na akirudia watu watadhani wa kwanza haukushika.

Basi Dalmas akamzamisha mwenyewe asubuhi moja, kabla wateja hawajafika, midomo ameifunga kabisa. Simsim chache zikaanguka. Diwani aliporudi tangini, macho yake yalikuwa yameanza kung'aa.

"Umesema chochote?" Eddah akauliza.

"Sijasema."

Eddah akaliinamia karai, akanong'ona amina, akaenda kumwaga maji.