Faili la Kiwanja Nyuma ya Kanisa

Kila Jumatatu saa mbili kasorobo, kabla ofisi ya kata ya Nyamabuli haijafungua dirisha, Flora Luhaga aliwaongoza watumishi katika maombi. Mtendaji wa kata, Bwana Januarius, alipanga mezani mafaili ya wiki nzima yakiwa yamefungwa, na Flora akayawekea mikono. Kuyafungua kwanza kulihesabiwa upungufu wa imani. Ndivyo walivyofanya tangu wanunuzi binafsi wa pamba waingie Bariadi.

Machi 1996, trekta la mnunuzi mmoja lilisawazisha kiwanja cha kujenga kiwanda chake cha pamba nyuma ya kanisa. Hapo ndipo alipozikwa Kabula, binti yake Flora, aliyekufa kwa surua akiwa na miaka sita. Jumatatu iliyofuata Kabula alikuwa amekaa kwenye benchi la wageni, amevaa gauni alilozikwa nalo, magoti yana udongo.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama yake.

"Mwangaluka, mwanangu. Umekula?"

"Sina njaa. Sina pa kulala."

Karani Mhoja akamwandika kwenye kitabu cha wageni. Kwenye safu ya shida alijaza: makazi.

Flora akaingia kwa mtendaji. "Naomba pale pa kaburi tu. Hatua tatu."

"Mama Kabula, faili hili la kiwanja lilipita hapa mezani Januari," alisema Januarius. "Uliliwekea mikono mwenyewe. Uliomba mpaka Mhoja akatoa machozi."

"Lilikuwa vumbi," alisema Mhoja kutoka mlangoni.

"Sikujua kilichomo," alisema Flora.

"Mungu alijua. Nikilitengua leo, nani atakuja tena kwenye maombi?"

Flora akalifungua. Ukurasa wa pili uliandikwa: eneo halina makaburi. Chini yake palikuwa na sahihi ya Januarius. Siku ya mazishi, Januarius ndiye aliyebeba msalaba.

Jioni Flora alimbeba mtoto mgongoni kwa khanga kwenda nyumbani. Walipopita uzio wa kiwanda, khanga ikawa nyepesi. Asubuhi Kabula alikuwa tena kwenye benchi la ofisi. Ikawa hivyo kila siku. Flora hakuacha kuongoza maombi, kwa kuwa kiongozi wa maombi ndiye pekee asiye mtumishi aliyeruhusiwa kuingia kabla ya saa mbili. Alipoomba mafaili yafunguliwe kwanza, aliambiwa anamjaribu Bwana.

Watu walizoea. Waliokuja na kesi za ng'ombe walimwambia mtoto asogee kidogo, naye akasogea. Lakini msimu wa pamba ulipofika benchi halikutosha, na Juni ofisi ikamtengenezea Kabula kiti chake, kimeandikwa mgongoni namba ya mali ya serikali. Akakikalia. Miguu yake ilining'inia.

"Kirefu," alisema Flora.

Fundi alikuwa anakunja tepu yake.

"Kiache hivyo hivyo, mama," alisema. "Atakua."