Kabla ya Kaburi Kusakafiwa

Panga lilishuka wakati nyama ya msiba ingali ikifuka mvuke juu ya majani ya mgomba. Sikuuona mkono wa Lusungu ukikatika. Niliiona damu ikiruka na kutua juu ya mafungu waliyokwisha kutengewa wajomba, nikasikia mlio kama wa mgomba unaoangushwa kwa pigo moja. Aliyelishika panga lile alikuwa Meshaki, kaka yake wa tumbo moja. Baba yao, mzee Jairo, alikuwa amezikwa jana yake pale pale uani, Kyimo.

"Umemuuza tata, baba yetu," Meshaki alisema, bila kupaza sauti. "Hata hajaoza, umeshamuuza."

Kisha akamtazama mwanangu Godwin.

Mimi na Godwin tulikuwa ndio kwanza tumeanza kazi ya kununua nyumba chakavu, kuzikarabati na kuziuza. Mtaji ulikuwa kiinua mgongo changu cha ualimu. Ujuzi wa ujenzi ulikuwa wake. Tulikubaliana upesi juu ya mengi, isipokuwa wakati wa kutaja bei. Nyumba ya mzee Jairo, ya matofali ya kuchoma, mabati yake yameliwa na kutu, ilitazama barabara iendayo Tukuyu. Nilimweleza mwanangu kwamba kwetu marehemu hulala uani, na anunuaye nyumba hununua pamoja na ujirani wake. Kwa hiyo bei haitajwi mpaka kaburi lisakafiwe na ndugu wakae kikao.

"Mama, kuna mtu wa Mbeya ameshaipiga picha," alinijibu. "Tukingoja saruji ikauke, tutakuta ameshaezeka."

"Ataezeka. Wewe utangoja."

Hakungoja. Alimfuata Lusungu aliyekuwa akipasua mbavu za ng'ombe, akamnong'oneza bei, na Lusungu akaitikia kwa kichwa. Meshaki alikuwa nyuma yao, amekuja kuchukua paja la kwenda kugawa.

Panga liliposhuka, Godwin alikimbia hatua chache tu. Vijana wa ukoo walimwangusha kwa mpini wa sepetu iliyochimbiwa kaburi, wakamkanyaga mbavu, na mmoja akang'oa figa jikoni, lingali la moto, akamponda nalo mdomoni. Nilimlalia mwanangu. Mateke yaliyokusudiwa yeye yalinipata mgongoni, moja baada ya jingine, na mmoja wa waliokuwa wakinipiga nilikuwa nimemfundisha kusoma.

Ni Tupokigwe, mke wa Lusungu, aliyetuokoa pasipo kukusudia. Alipiga kelele kwamba mumewe anakufa, nao wakaacha kutupiga ili wambebe.

Hospitalini walimaliza kuukata mkono ambao panga lilikuwa limeuanza. Meshaki alikuwa mahabusu. Nilikuwa nimeketi kando ya kitanda cha Godwin, midomo yake imeshonwa, Tupokigwe alipokuja na kanga iliyokakamaa kwa damu.

"Mwalimu," alisema, "taja bei yako sasa. Yoyote ile."

Godwin, asiyeweza kusema, aliinua kidole na kukielekeza chini. Shusha. Nami nilijua kwamba nyumba ile haingepata tena kuwa rahisi kiasi hicho.

Nilikishika kidole chake nikakikunja. Nikataja bei ile ile ambayo ningeitaja baada ya saruji kukauka, nikaongeza kwamba sitalipa mpaka Meshaki naye atie dole gumba kwenye mkataba.

"Hatakubali."

"Basi sinunui."

Nilikwenda mwenyewe mahabusu, mgongo umefungwa bendeji. Meshaki aliuliza jambo moja tu: kama lango la kuingilia kwenye kaburi la baba yake litafungwa. Nilimwambia halitafungwa. Akatia dole.

Godwin sasa anajenga Mbeya, na hanunui nyumba kabla ya kunipigia simu. Huniuliza kwanza ni nani aliyefariki, na lini. Hii ya Kyimo haikupata mteja. Waliokuja walisikia habari zake, wakarudi. Nimeiezeka upya na kuhamia mimi.

Lusungu huja Jumamosi kupalilia kandokando ya kaburi. Kwa mkono mmoja huumaliza upande mmoja, akachoka, akaenda zake. Meshaki, tangu atoke gerezani, huja Jumapili alasiri. Hunisalimu, huvua viatu, na kuanzia pale palizi ilipokomea. Hajapata kuniuliza ni nani huanza.